Bondia Ugenini Hapigwi na Ngumi Peke Yake

Desemba 11, 2016, katika jiji la Yangon nchini Myanmar, Mkanada Dave Leduc alimshinda Tun Tun Min, bingwa kipenzi cha wenyeji, akawa mgeni wa kwanza kuutwaa mkanda wa dhahabu wa uzito huria katika lethwei, ngumi za jadi za Waburma zinazopigwa bila glovu. Kwa msomaji wa Majengo hapa Moshi, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali mno: mchezo usiojulikana kwetu, nchi tusiyoijua vizuri, mtu asiye wa kwetu. Lakini alichofanya Leduc ndicho wanachojaribu kufanya mabondia wa Tanzania kila wanapopanda ndege kwenda Uingereza, Urusi, Ujerumani au Australia. Wanaingia katika ulingo wa mtu mwingine, mbele ya mashabiki wa mtu mwingine, wakitaka kutoka na ushindi. Wengi hurudi wamepigwa, nasi hukimbilia jibu jepesi kwamba hawakuwa na moyo au hawakufanya mazoezi. Makala haya yanapinga jibu hilo. Matokeo ya bondia ugenini huanza kuamuliwa kabla hajarusha ngumi ya kwanza, na yanayoyaamua ni kanuni za mchezo, muda aliopata kuizoea nchi ya mwenyeji, na watu waliosimama upande wake. Leduc alikuwa na yote hayo. Wengi wa mabondia wetu huondoka bila hata moja.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana kanuni zake zina somo kubwa. Katika lethwei mpiganaji hufunga mikono kwa chachi na utepe tu. Hupiga kwa ngumi, kiwiko, goti na teke, na juu ya hayo huruhusiwa kupiga kwa kichwa, jambo ambalo karibu kila mchezo mwingine wa ulingoni umelikataza. Ngoma na zumari hupigwa kando ya ulingo pambano likiendelea, na mpiganaji hucheza ngoma ya heshima kabla ya kuanza, kisha mshindi hucheza tena baada ya ushindi. Watu wa Lamu na pwani yetu kwa jumla, wanaoijua kirumbizi na fimbo zake zinazokwenda na mdundo wa ngoma, hawatashangaa kusikia kwamba mapigano na muziki vinaweza kuwa kitu kimoja. Sura ya kisasa ya lethwei ilitengenezwa na Kyar Ba Nyein, bondia aliyeiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Ndiye aliyeupa mchezo wa vijijini na wa sherehe za pagoda kanuni za kueleweka na kuupeleka kwenye ulingo wa mjini.

Kanuni moja ya jadi inastahili kutazamwa kwa makini. Hakuna pointi. Raundi tano zikimalizika na wapiganaji wote wawili bado wamesimama, pambano ni sare, hata kama mmoja alikuwa anashambulia muda wote na mwingine anarudi nyuma. Mshindi ni yule tu aliyemwangusha mwenzake asiweze kuendelea, au aliyemlazimisha kusalimu amri. Kwa mgeni, kanuni hiyo ni ngao. Leduc alipokutana na Tun Tun Min kwa mara ya kwanza, Oktoba 2016, raundi zilikwisha wote wakiwa wima, na matokeo yakawa sare. Lau pambano lile lingeamuliwa kwa kalamu za majaji watatu waliozungukwa na maelfu ya mashabiki wanaoliimba jina la mwenyeji, ni vigumu kuamini kwamba mgeni asingeondoka na alama ya kushindwa. Sare ilimwachia heshima yake na haki ya kudai marudiano, na Desemba akarudi kulimaliza jambo mwenyewe, bila kusubiri karatasi ya mtu.

Ndondi za glovu hazimpi mgeni ngao hiyo. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na katika ndondi anayetunza ni jaji. Si lazima awe amehongwa. Kelele za ukumbi humfanya aione ngumi nyepesi ya mwenyeji kuwa nzito, na ngumi nzito ya mgeni aione kama haikufika. Ndiyo maana kila kocha wa ngumi za kulipwa humwambia kijana wake anayekwenda nje kwamba lazima ashinde kwa KO, na ndiyo maana ushindi mkubwa zaidi wa Mtanzania ugenini katika miaka ya karibuni ulipatikana kwa njia hiyo hiyo. Septemba 8, 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, katika usiku ambao Waingereza walikuja kumtazama Amir Khan. Mwakinyo hakuwaachia majaji nafasi ya kuamua lolote.

Kanuni peke yake, hata hivyo, haikumvisha Leduc mkanda. Wageni wengine wamepigana chini ya kanuni hizo hizo na hawakufika alipofika. Kilichomtofautisha ni kwamba alikwenda kukaa. Mzaliwa huyo wa Gatineau, katika jimbo la Quebec, alikuwa amepitia ngumi za Kithai kabla ya kuingia Myanmar, na alipofika aliichukua lethwei kama kazi ya maisha. Alijifunza lugha ya Kiburma hadi akaweza kuzungumza na watazamaji kwa lugha yao. Alicheza ngoma ya heshima kama wanavyoicheza wenyeji, bila kuifanyia mzaha. Mashabiki waliokuja kumzomea wakaanza kumshangilia, naye akaulinda ubingwa wake dhidi ya wapinzani waliotoka nje ya nchi hiyo. Agosti 2019, mjini Mandalay, alimshinda Mmarekani Seth Baczynski, mpiganaji aliyewahi kupita kwenye mashindano ya UFC, na siku hiyo mgeni wa kweli ukumbini alikuwa Mmarekani. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Leduc alilala ndani, akaijua ila ya nyumba na uzuri wake, na hatimaye akahesabiwa miongoni mwa wenye nyumba.

Watu wa Moshi wanaielewa hoja hii kuliko wengi, kwa sababu mji wetu unaishi kwa kuwapandisha wageni mlima. Mwongozaji yeyote wa Kilimanjaro anajua kwamba kinachomfikisha mgeni kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, si ukubwa wa misuli yake bali ni idadi ya siku alizoupa mwili kuzoea hewa nyepesi. Kijana mwenye nguvu anayekimbilia juu kwa haraka hurudishwa chini akitapika, na bibi wa miaka sitini aliyetembea polepole akafika. Ulingo wa ugenini una hewa yake nyepesi: saa za kulala zilizogeuka, baridi, chakula kisichozoeleka, lugha isiyoeleweka, kupunguza uzito katika hoteli usiyoijua, kumsikia mwamuzi akitoa maelekezo ambayo huyapati vizuri. Mwili hauyazoei hayo kwa siku nne.

Na siku nne, au wiki moja au mbili, ndizo wanazopewa mabondia wetu wengi. Utaratibu unajulikana katika kambi zote za ngumi nchini. Promota wa Ulaya ana kijana anayemkuza, na mpinzani wake ameumia au amejitoa. Anatafutwa mtu wa kujaza nafasi, mwenye rekodi inayoonekana vizuri kwenye karatasi na bei inayoonekana vizuri kwenye hesabu. Simu inapigwa Dar es Salaam. Bondia anaulizwa kama yuko tayari, naye anajibu kwamba yuko tayari, kwa sababu kodi ya nyumba inamdai na hajui simu nyingine italia lini. Viza inatafutwa mbio mbio. Wakati mwingine kocha wake anaachwa nyumbani kwa kuwa tiketi ni moja, na pembeni ya ulingo anasimamiwa na mtu aliyemfahamu juzi. Kijana huyo hakuitwa ashinde. Aliitwa aongeze ushindi kwenye rekodi ya mwenyeji.

Francis Cheka wa Morogoro ni mfano unaostahili kusomwa kwa haki. Agosti 2013 alipigana Dar es Salaam na Mmarekani Phil Williams, akamshinda na kuutwaa mkanda wa WBF. Desemba mwaka huo huo alikuwa Moscow akipambana na Mrusi Fedor Chudinov, na hakuimaliza raundi ya tatu. Ni mtu yule yule, na kati ya mapambano hayo ilipita miezi michache tu. Itakuwa si kweli kusema tofauti yote ililetwa na safari, kwa maana Chudinov alikuwa bondia wa daraja la juu na mwaka 2015 alimpiga Felix Sturm nchini Ujerumani na kuushika ubingwa wa dunia wa WBA. Lakini hapo ndipo swali lenyewe linapokaa. Nani aliyemchagua mpinzani, na kwa faida ya nani? Bondia mwenyeji huchaguliwa wapinzani wa kumkuza ngazi kwa ngazi. Bondia mgeni huchaguliwa na wengine, na mara nyingi anachaguliwa awe ngazi.

Mwakinyo naye ametuonyesha pande zote mbili za jambo hili. Ushindi wa Birmingham mwaka 2018 hutumiwa na wanaopinga hoja hii kama uthibitisho kwamba mwenye uwezo hushinda popote, hata akiitwa kama mtu asiyetarajiwa kushinda. Ni kweli alishinda, na sifa zake hazipunguzwi na neno lolote hapa. Ila mtu hajengi nyumba juu ya usiku mmoja. Septemba 2022 alirudi Uingereza, safari hii Liverpool, kupambana na Liam Smith, bingwa wa zamani wa dunia aliyekuwa anapigana nyumbani kwake. Pambano lilimalizika raundi ya nne Mwakinyo akiwa ameshindwa kuendelea, na baadaye akaeleza kwamba alipanda ulingoni na viatu visivyomkaa na kwamba kifundo cha mguu kilimwumiza. Nchini watu waligawanyika, wengine wakimtetea na wengine wakimwita mwoga. Ugomvi huo ulikosa maswali ya maana. Inawezekanaje bondia namba moja wa taifa, katika pambano kubwa kuliko yote ya maisha yake, afikie siku ya pambano akiwa na tatizo la viatu? Nani alikuwa na kazi ya kuhakikisha vifaa vyake vimefika, na kama havikufika, nani alikuwa na mamlaka ya kusema pambano lisubiri? Timu kamili hujibu maswali hayo siku tano kabla ya kengele.

Ukitazama nyuma katika historia ya Afrika Mashariki na jirani zake utaona kwamba waliofanikiwa kwa kudumu ni wale waliohamia. Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mjini Havana mwaka 1974, alikwenda Denmark na kuanza ngumi za kulipwa huko mwaka 1976. Alikaa, akajenga jina mbele ya Wadenmark hadi wakamwona wa kwao, na Oktoba 1979 akaenda Japani kumnyang'anya Masashi Kudo ubingwa wa WBA nyumbani kwake, tena kwa pointi. Aliutetea mara nne, na alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston Juni 1981 alikuwa hajapoteza hata pambano moja la kulipwa. Philip Waruinge wa Kenya, ambaye katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alipewa Kombe la Val Barker kwa kuwa bondia mwenye ufundi bora kuliko wote ingawa medali yake ilikuwa ya shaba, alihamia Japani baada ya kupata fedha ya Munich mwaka 1972. Alipigana huko kwa jina la Waruinge Nakayama, na mwaka 1976 alifika hadi kugombea ubingwa wa dunia wa WBC dhidi ya Rigoberto Riasco. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alifanya Italia kuwa nyumbani kwake. Mwaka 1987 alimshinda Herol Graham mjini London kwa ubingwa wa Ulaya, kisha Iran Barkley mjini Livorno kwa ubingwa wa dunia wa WBA, na Machi 1988 akamshinda Mike McCallum mjini Pesaro. Katika mapambano hayo mawili ya Italia, kelele za ukumbi zilikuwa zake.

Mfano ulio hai zaidi kwetu ni Bruno Tarimo, Mtanzania ambaye jina lake la ukoo linajulikana kila kona ya Kilimanjaro. Yeye alifanya makazi yake Australia. Mwaka 2018 alimshinda Nathaniel May, bondia wa huko huko, na Machi 2021 akamshinda Kye MacKenzie mjini Newcastle katika jimbo la New South Wales. Ushindi wa namna hiyo ndio uliomfikisha Manchester Desemba 2021 kupambana na Zelfa Barrett katika pambano la kusaka nafasi ya kugombea ubingwa wa IBF. Manchester ni mji wa Barrett, na Tarimo alipoteza kwa pointi. Mwaka uliofuata ni Barrett aliyeupanda ulingo wa Abu Dhabi kuugombea ubingwa wenyewe. Safari ya Tarimo inaonyesha faida ya kuhamia na pia kikomo chake. Alipopewa muda, kambi na watu, Mtanzania alisimama mlangoni mwa ubingwa wa dunia. Alipoingia katika nyumba nyingine ya watu, kazi ikawa ngumu upya.

Kuna mapingamizi yanayopaswa kujibiwa. La kwanza ni kwamba kumlinganisha kijana wa Kitanzania na Leduc si haki. Pasipoti ya Kanada hufungua milango ambayo pasipoti yetu inaigongea kwa barua za mwaliko na taarifa za benki, na mtu wa nchi tajiri anaweza kumudu kuishi miezi mingi katika nchi ambako fedha yake ina nguvu. Pingamizi hili ni la kweli kabisa, nalo linaithibitisha hoja. Kama tofauti kubwa kati ya wawili hao iko kwenye viza na fedha za kujikimu, basi haiko kwenye ujasiri, na wanaowaita mabondia wetu waoga wanapaswa kunyamaza. Zaidi ya hapo, Kalule, Waruinge na Kalambay hawakutoka katika familia za mabwanyenye wala katika nchi zilizopendelewa na balozi za Ulaya. Walipata klabu na mapromota waliowaona kama rasilimali ya kukuzwa kwa miaka. Njia hiyo ni nyembamba, lakini ilipitika na watu wa kwetu.

La pili lina uzito zaidi, kwa sababu linatoka tumboni. Bondia mwenye watoto hawezi kula kanuni. Akiambiwa akatae pambano la wiki mbili kwa kuwa hakupata muda wa kujiandaa, nani atamlipa? Yapo mapambano ya nje ambayo malipo yake hata kwa kushindwa yanazidi anachopata nyumbani kwa ushindi kadhaa. Jibu haliwezi kuwa kumlaumu anayekubali. Jibu ni kuangalia hesabu nzima. Bondia anayepigwa KO mara tatu mfululizo ugenini hushuka bei, na mwili wake huzeeka kabla ya umri. Fedha za pambano la kwanza huwa ndizo nyingi kuliko zote atakazoziona, na zinazofuata hupungua hadi simu inakoma. Anayekataa pambano moja baya akasubiri lenye maandalizi analinda mtaji pekee alionao. Ila hawezi kukataa akiwa peke yake. Ndiyo maana jukumu la kukataa lazima libebwe na chombo kilicho juu yake.

La tatu husema kwamba tukiwahimiza vijana wahamie nje tutawapoteza, kama ambavyo nchi nyingi za Afrika zimewaona wanariadha wake wakivaa bendera za wengine. Hofu hiyo ina msingi, lakini haitazami tunachopoteza sasa. Mwaka 1970 mjini Edinburgh, Titus Simba wa Tanzania alifika fainali ya uzito wa kati ya Michezo ya Jumuiya ya Madola na kukutana na Mwingereza John Conteh. Conteh alitwaa dhahabu, Simba fedha. Conteh alirudi katika nchi yenye mapromota, makocha na kumbi, na miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Simba hakuwa na njia ya namna hiyo mbele yake. Mwaka 1998 mjini Kuala Lumpur, Michael Yombayomba alituletea dhahabu ya Jumuiya ya Madola, na medali hiyo haikufuatwa na mkondo wa mabingwa. Vipaji hivyo havikuibiwa na mtu. Vilikaa nyumbani vikakosa pa kukua. Kijana anayekaa Denmark au Australia huku akibaki na bendera yake mabegani ana faida kwetu kuliko kipaji kinachozimika hapa hapa.

La nne huuliza kwa nini tuusifu mchezo wa kikatili kama lethwei mbele ya watoto wetu. Zanzibar ilizifungia hata ndondi za kawaida tangu zama za Mapinduzi ya 1964, na ni katika uongozi wa Rais Hussein Mwinyi ndipo zimerudishwa. Wapo wanaoona zingebaki zimefungwa. Wasiwasi wao usidharauliwe. Lethwei ina kanuni ya kuogofya: mpiganaji aliyezimia anaweza kupewa dakika mbili za kuzinduliwa, kisha akarudi kupigana. Hakuna daktari wa ubongo anayeweza kuitetea kanuni hiyo, na isiletwe kwetu kwa jina lolote. Lakini glovu nazo hazijawa kinga ya uhai. Robert Wangila, Mkenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, alifariki Las Vegas Julai 1994 kwa majeraha ya kichwa aliyoyapata ulingoni akiwa amevaa glovu, mbali na kwao. Hatari ya ngumi ipo katika kila aina ya ngumi, nayo huongezeka bondia anapokuwa mgeni asiye na daktari wake, asiye na kocha anayemjua, asiye na mtu wa kurusha taulo kwa upendo badala ya hesabu. Yaani yale yale yanayomnyima ushindi ndiyo yanayouweka uhai wake rehani.

Kabla ya kuwalaumu mapromota wa Ulaya, tujitazame. Novemba 29, 2019, jijini Dar es Salaam, Mwakinyo alimshinda Mfilipino Arnel Tinampay kwa pointi, na uamuzi huo ulizua mjadala mkali miongoni mwa mashabiki wetu wenyewe, wengi wao wakiona mgeni alistahili zaidi. Mapromota wetu nao hufahamika kwa kuwaleta wapinzani dhaifu kutoka nje ili mwenyeji apate KO ya haraka na video ya kusambaza. Huwezi kudai haki Manchester kwa kinywa kile kile kinachoshangilia dhuluma Dar es Salaam. Bondia aliyezoezwa ushindi wa kupewa nyumbani hukutana na ngumi za kweli ugenini akiwa hajawahi kuzijibu. Kumtendea haki mgeni anayekuja kwetu ni sehemu ya kumwandaa kijana wetu anayekwenda kwao.

Mambo ya kufanya yanaweza kuanza bila kusubiri fedha nyingi. Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, na Baraza la Michezo la Taifa, BMT, vina nafasi ya kuweka masharti kwenye kibali cha kwenda kupigana nje. Kibali kisitolewe kwa pambano lililotangazwa kwa bondia siku chache kabla. Mkataba uandikwe pia kwa Kiswahili, bondia ausome na kuuelewa. Tiketi na malazi ya kocha wake viwe ndani ya mkataba, siyo hisani ya promota. Bondia awasili mapema kiasi cha kuzoea saa na hali ya hewa. Aliyepigwa KO apumzishwe kwa muda uliowekwa, apimwe kichwa, na asipande ulingo wowote duniani hadi daktari aseme sawa. Mkoa wa Kilimanjaro unajua kwamba masharti ya aina hii huwezekana. Kazi ya upagazi mlimani ilikuwa ya kujibebea tu mpaka kikomo cha kilo 20 kilipowekwa na mizani ikakaa langoni. Uonevu haujaisha wote, lakini mpagazi leo ana kanuni ya kuishika mkononi. Bondia anastahili mizani yake.

Na kwa makocha wa mitaani, wa Majengo na kwingineko, kazi ni kuwaza kwa miaka badala ya mapambano. Kijana mwenye kipaji afundishwe lugha ya nchi anayoilenga pamoja na ngumi ya kushoto. Afundishwe kusoma mkataba kama anavyofundishwa kumsoma mpinzani. Klabu yake itafute urafiki na klabu moja ya nje ambako anaweza kukaa miezi sita akifanya mazoezi na wenyeji, akiijua nchi na kujulikana, kabla ya kupigana hata raundi moja. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko hapa hapa Moshi, na kipimo kinachofanyika kabla ya safari ni nafuu kuliko matibabu yanayofuata baada yake. Haya hayahitaji bingwa wa dunia. Yanahitaji watu wazima wanaomwona kijana kama mtu mwenye miaka hamsini mbele yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leduc alilishika jembe hilo Yangon, na kabla yake Kalule alilishika Denmark, Waruinge Japani, Kalambay Italia. Wote walithibitisha kwamba ulingo wa ugenini una njia, na kwamba njia hiyo ina mpangilio unaoweza kufundishwa, kugharimiwa na kulindwa kisheria. Kijana wetu mwingine atakapopigwa nje, swali la kwanza lisiwe kama alikuwa na moyo. Aulizwe aliyemsainisha mkataba: alimpa siku ngapi, alimpeleka na nani, na alimchagulia mpinzani kwa faida ya nani. Vyombo vya ngumi nchini vikiyajua majibu ya maswali hayo kabla ya kutia muhuri kwenye kibali, mabondia wetu watakwenda nje kama washindani kamili, na hata watakaoshindwa watarudi wakiwa wazima, wakiwa na bei, na wakiwa na pambano jingine la haki mbele yao.